Kabla hujauliza koti gani ununue: cheti chako cha nadharia, ule mtihani wa maandishi wa leseni ya pikipiki hapa Uingereza, kinaisha tarehe ngapi?

Mkuu, achana na koti kwanza. Achana na Honda na Yamaha. Maswali yako manne nimeyasoma: koti la ngozi au la kitambaa, pikipiki gani ukishapita, ile nane ya kwenye koni unaipigaje, na kama mtu aliyepiga boda Morogoro miaka minne anahitaji kweli siku zote tano za kozi. Halafu mwishoni, kwa mstari mmoja, kama mtu anayetaja mvua, ukasema cheti chako cha nadharia kinaisha "katikati ya mwezi ujao", kozi inaanza wiki moja kabla ya hapo, "ila haina shida maana Mod 1 nitakuwa nimeshapita", yaani mtihani wa kwanza wa vitendo.

Nilikuwa kwenye basi niliposoma hiyo. Nikapitiliza kituo.

INA SHIDA. Nani kakwambia haina? Najua hujalitoa kichwani mwako, maana na mimi niliambiwa hivyohivyo, neno kwa neno.

Kwa walioko nyumbani ambao hawajui mambo ya huku Uingereza: kwanza unafanya CBT, mafunzo ya siku moja, ukimaliza unaruhusiwa kuendesha ya cc 125 na kibao cha L, bila abiria, bila kugusa barabara kuu za magari ya kasi. Nayo inakufa baada ya miaka 2. Kisha mtihani wa nadharia: maswali 50, ukose saba tu, na video za kutambua hatari, upate 44 kati ya 75. Kisha Mod 1, ya uwanjani kwenye koni. Kisha Mod 2, ya barabarani, mtahini akikufuata kwa nyuma. Sasa sikiliza vizuri. Mod 1 NA Mod 2, zote mbili, zipite ndani ya miaka 2 tangu siku uliyopita nadharia. Siku ikipita hujamaliza, unaanza mwanzo kabisa, na ile Mod 1 uliyojivunia inakufa pamoja na cheti. Haigandishwi kwenye friji ikusubiri.

Mimi nilipita nadharia tarehe 9 Juni 2021. Nikasema miaka miwili, ya nini haraka? Baridi ikaja, nikasema nitafanya kukipoa... yaani kukipata joto. Joto likaja, kazi zikaja. CBT ikaisha, nikairudia, na hapo ndipo nilipojichanganya: nikaona karatasi mpya ya miaka miwili nikajua saa yote imeanza upya. Haikuanza. Ni saa mbili tofauti ukutani, nami nilikuwa natazama ile mpya.

Mod 1 nikapita Aprili 2023 (baada ya kuanguka mtihani huo mara moja, nitaeleza, msicheke). Mod 2 nikapangiwa Jumanne ya tarehe 30 Mei. Asubuhi hiyo nilikuwa fundi. Nimesoma namba ya gari kwa mbali, nimejibu maswali ya tairi na mnyororo, tumetoka. Sauti ya mtahini iko sikioni ndani ya helmeti, kulia hapo, kushoto pale, safi kabisa dakika ishirini na kitu. Tukakuta basi limesimama kituoni. Mkuu, mimi nimekulia nyuma ya daladala. Basi likisimama mbele yangu mwili wenyewe unajua: indiketa, huyo, nimepita. Sikugeuza shingo. Gari lilikuwa limeshafika ubavuni pangu, likapiga breki, likapiga honi. Sauti sikioni ikanyamaza kidogo, kisha kwa upole ule wao unaouma kuliko tusi ikaniambia nirudi kituoni. Nilipewa kosa kubwa moja, na moja linatosha.

Basi, nikajiambia, nitarudia. Ukianguka Mod 2 unasubiri siku 10 za kazi kabla ya kurudia. Chukua kalenda ya 2023, hesabu kuanzia 30 Mei. Unafika katikati ya Juni. Cheti changu mwisho wake 9 Juni.

Sikuhesabu. Nilijua baada ya siku mbili, dada wa ofisini kwenye shule ya udereva aliponipigia kuwa mfumo unaikataa namba yangu ya nadharia kwa tarehe yoyote iliyo wazi. Nikamwambia ajaribu tena, labda kakosea tarakimu. Akajaribu nikiwa bado kwenye simu, nasikia vidole kwenye kibodi. Akaniambia, "Tarehe zote zilizo wazi ziko nje ya cheti chako." Nilikuwa ghalani kazini, nimeshika boksi la viatu vya watoto. Mpaka leo nikiona viatu vyenye taa nakumbuka.

Hesabu ya hasara. Ada za mitihani peke yake si nyingi: nadharia pauni 23, Mod 1 pauni 15.50, Mod 2 pauni 75. Kinachoua ni kukodi ile pikipiki kubwa na mkufunzi wake kila ukienda, maana kwa leseni isiyo na mipaka huji na ka-125 kako, lazima iwe ya cc 600 hivi kwenda juu, na shule inakutoza siku nzima. Ukijumlisha na siku za kazi nilizokosa, nilivuka pauni 600 kurudia vitu nilivyokuwa nimeshavifanya. Mke wangu aliuliza kama kwa hela hiyo tusingepata tu mtu wa kunipakia.

Na huyo aliyenidanganya bado yupo. Ni ndugu yetu mmoja kwenye kundi la WhatsApp la Watanzania wa mji huu, anajibu kila kitu, viza, mikopo, figo. Nilimuuliza wazi kabisa. Akanijibu kwa sauti, dakika nzima: "Kaka, nadharia ni tiketi ya kuingilia Mod 1. Ukishaingia, tiketi ya nini?" Mfano mzuri, ukaniingia kichwani kama wimbo. Nilipomrudia na habari zangu akasema sheria itakuwa imebadilika. Haikubadilika bwana! Baadaye nikagundua yeye mwenyewe hajawahi kukanyaga uwanja wa Mod 1, miaka yote anaendesha kwa CBT na kuirudia ikiisha. Shule nayo siisamehi. Walikuwa na tarehe yangu ya nadharia kwenye fomu yao, ukurasa wa kwanza, na wakanipangia Mod 2 siku kumi kabla haijaisha bila hata kukohoa. Wao ukianguka wanakukodisha tena.

Kwa hiyo sheria yangu, na sina nyingine: siku unayokaa Mod 2 kwa mara ya KWANZA, cheti cha nadharia kiwe kimebakiza miezi miwili. Siyo wiki tatu. Miezi miwili, maana kuna siku 10 za kazi za kusubiri, kisha kuna foleni ya nafasi, kisha kuna pikipiki ya shule ambayo wiki hiyo imeshachukuliwa na mwingine. Mod 1 nayo ukianguka unasubiri siku 3 za kazi, na kwako hizo tatu zinakula wiki yote uliyonayo. Unapanga kana kwamba utaanguka. Utapita? Vizuri, utakuwa umebakiza miezi miwili ya bure, utaifanyia fremu.

Ya nane nikujibu haraka, maana ni ya Mod 1, na huko nilianguka mara ya kwanza. Boda hatuogopi spidi, tunaogopa kwenda polepole. Mod 1 yote ni polepole, isipokuwa breki ya ghafla na kule kukwepa, ambako lazima ufike kilomita 50 kwa saa. Klachi nusu, resi kidogo isiyotikisika, mguu wa kulia umegusa breki ya nyuma, breki ya mbele isahau kama haipo. Macho yasitazame koni. Mimi niliangukia kwenye kugeuza U: nikashusha mguu, kama tunavyogeuza kijiweni ukiwa na mshikaki wa watu watatu. Na kabla hujageuza, shingo! Geuza kichwa utazame nyuma ya bega hata kama uwanja ni mtupu na aliyeko ni mtahini na kunguru. Ningekuwa na tabia hiyo, lile basi lisingenigharimu.

Sasa wewe. Usilipe salio la kozi leo. Wapigie shule uulize kama kuna mtu aliyeghairi wiki hii au ijayo, wakuvute mbele. Wakikosa, ahirisha kozi yote, subiri ufanye nadharia upya, ndipo uwape hela. Usiende "kujaribu bahati". Wakikwambia hakuna shida, mwambie akuandikie hivyo kwa barua pepe, utaona atakavyokumbuka kuuliza kwa bosi.

Na "katikati ya mwezi" siyo tarehe. Fungua ile karatasi uliyopewa siku ile, uniandikie hapa siku uliyopita. Tarehe, mkuu. Nina kalenda mbele yangu.