Magneto inayoshuka mizunguko 80 tu, bado ifungue

Kamwene mkuu. Umeuliza kama magneto, kile kifaa kinachozalisha umeme wa cheche za plagi kwenye injini ya ndege, ikifikisha saa 500 za kazi kuna haja ya kuifungua, wakati kwenye jaribio la ardhini, ukizima magneto ya pili, injini inashuka mizunguko 80 kwa dakika na kitabu cha ndege yako kinaruhusu 150. Ifungue. Mimi niliwahi kuiacha.

Ilikuwa uwanja wa ndege wa Nduli, mwezi wa sita, baridi ile ya Iringa ya makoti mawili. Injini ya silinda sita, saa zimefika, mwenye ndege ana safari na anaomba tusogeze. Kushoto ilishuka 75, kulia 90. Nikakubali. Siku tatu mbele rubani akarudi na malalamiko: chini injini inanguruma safi, akipita futi 10,000 inatetemeka, akishuka inatulia. Tukashika mafuta, tukasafisha nozeli, wapi!

Tulipofungua magneto ya kulia, kwenye kifuniko cha distributa, ile sehemu inayogawa umeme kwa kila silinda, palikuwa na mstari mweusi mwembamba kama wa penseli, umetoka nguzo moja ukaenda ya jirani. Ndiyo njia ya kaboni. Hewa ya juu ni nyepesi, na hewa nyepesi haizuii umeme sawasawa, kwa hiyo cheche iliyokuwa inakwenda kwenye plagi ilipata njia ya mkato humo humo ndani, ikachomea silinda isiyo na zamu. Nduli penyewe ni zaidi ya mita 1,400, ongeza na kupanda. Plagi nazo zilikuwa zimelika, pengo limepanuka, na pengo likipanuka magneto inalazimika kutoa volti nyingi zaidi. Jaribio la ardhini lisingeonyesha hata moja kati ya hayo.

Sasa ukifungua, usikimbilie kitambaa. Vijana wengi wanafuta kwanza halafu ndiyo wanaangalia, na ushahidi umeshaondoka. Anza na platini, vile vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ili cheche itoke. Zikiwa na rangi ya kijivu iliyofifia, kama kioo chenye ukungu, ni uchakavu wa kawaida. Zikiwa nyeusi au za bluu, zina mafuta: ama mtu alizidisha oili kwenye kile kitambaa cha kamu, gurudumu linalozisukuma platini ziachane, ama sili ya shafti imechoka. Upande mmoja ukiwa na shimo na wa pili umeota kichuguu, mshuku kondensa, kile kifaa kidogo kinachozuia platini zisiungue. Usizipige msasa, hii siyo pikipiki. Badilisha, na kondensa yake pia.

Angalia pia kile kisigino cha platini kinachosugua kamu. Kikilika, platini zinachelewa kuachana, cheche inachelewa na inapoa, hata kama magneto imefungwa kwenye injini kwa alama zote.

Beringi, meno ya gia, burashi ya kaboni, nyufa za koili: hayo unayajua. Ila kapulingi, kile kiungo cha springi kinachosaidia magneto wakati wa kuwasha, kinacholia ta-ta-ta propela ikizungushwa kwa mkono, kagua ribiti zake kwa tochi. Kipande kikikatika kinaweza kuangukia kwenye gia za injini.

Na kabla hujagusa propela, hakikisha waya wa kuzimia, unaotoka kwenye magneto kwenda kwenye swichi, haujakatika. Ukikatika, swichi inasema imezima na magneto iko hai. Jaribu injini ikiwa sailensa, yaani inazunguka polepole bila kuongezewa mafuta: zima sekunde moja, ianze kufa, rudisha.

Ukishafungua, tupia picha ya platini hapa kabla hujazifuta.