Mkataba wa rubani na njia ya mgogoro: kwa wenzangu mnaoanza kazi Mtwara

Wadogo zangu mnaofika Mtwara mwaka huu mkiwa na leseni mpya na saa chache za kuruka, nawaandikia kuhusu jambo ambalo vyuo vya urubani haviligusi: mkataba wa kazi, na hatua zinazofuata pale rubani na uongozi wa shirika wanaposhindwa kuelewana. Nimerusha ndege za njia fupi kwa miaka 14, sehemu kubwa kati ya Dar es Salaam na mikoa hii ya kusini, na kwa miaka 6 kati ya hiyo nimekuwa mwakilishi wa wafanyakazi. Migogoro mingi niliyoiona ikipotea ilipotea kwa sababu ya karatasi na tarehe, ilhali madai yenyewe yalikuwa ya haki kabisa.

Tuanze na mkataba wenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya maandishi yanayotaja kazi yake, mahali pa kazi, saa za kazi, malipo na namna malipo hayo yanavyokokotolewa. Rubani mpya husoma mstari wa mshahara, akafurahi, akatia sahihi. Mimi nilifanya hivyo hivyo. Mistari inayoleta ugomvi baadaye ni mingine, na wa kwanza ni ule wa kituo cha kazi. Mkataba ukisema kituo chako ni Dar es Salaam, kila usiku unaolala Mtwara kwa amri ya ratiba una posho yake. Ukisema kituo chako ni "popote mwajiri atakapoona inafaa", siku moja utapokea barua fupi inayokuhamishia Mtwara, na kuanzia hapo usiku uleule, katika chumba kilekile cha Shangani hapa Mtwara, hauna posho tena kwa kuwa sasa upo nyumbani. Nimeona vijana wawili wakipoteza sehemu kubwa ya kipato chao kwa maneno hayo manne. Ombeni kituo kitajwe kwa jina, na iandikwe kwamba uhamisho utatanguliwa na mashauriano na notisi yenye idadi ya siku.

Mstari wa pili ni wa saa za malipo. Ulizeni saa inaanza kuhesabiwa lipi likitokea, ndege inapoondoka maegeshoni au magurudumu yanapoacha ardhi. Safari ya Dar es Salaam hadi Mtwara ni ya takriban saa moja, kwa hiyo dakika kumi za kusubiri foleni ya kuruka Dar es Salaam ni sehemu kubwa ya kazi yako, na kwa mwezi mzima zinakuwa saa kadhaa zisizolipwa. Muhimu zaidi ni idadi ya saa ambazo shirika linaahidi kulipa hata kama hukuruka. Huku kwetu abiria hufuata msimu: minada ya korosho inapoanza mwezi Oktoba ndege hujaa wanunuzi na watu wa benki, kisha baada ya mwaka mpya viti hubaki wazi. Rubani asiye na saa za uhakika katika mkataba wake ndiye anayebeba hasara ya viti hivyo.

Mstari wa tatu ni wa gharama za mafunzo ya kurusha aina mahususi ya ndege. Shirika likikupeleka nje ya nchi kwenye mashine ya kuigiza urushaji, si ajabu likakutaka uahidi kulitumikia kwa muda fulani au kurejesha gharama. Ahadi hiyo si mbaya kwa yenyewe, maana mafunzo ni ghali. Hakikisheni tu kwamba kiasi kimeandikwa kwa tarakimu, kwamba deni linapungua kila mwezi unaofanya kazi, na kwamba linafutika iwapo shirika ndilo litakalokuachisha bila kosa lako. Kumbukeni pia kwamba mwajiri haruhusiwi kukata mshahara wako kwa jambo lolote analotaka. Makato yanahitaji msingi wa sheria, mkataba wa hali bora (ule ambao chama cha wafanyakazi husaini na mwajiri), amri ya mahakama au tuzo, yaani uamuzi wa mwamuzi wa migogoro ya kazi, au ridhaa yako ya maandishi kwa ajili ya deni. Msitie sahihi karatasi tupu ya ridhaa ya makato, hata kama mnaambiwa ni utaratibu wa kawaida wa ofisi.

Sasa niwaeleze kilichonipata mimi. Katika mwaka wangu wa tano, shirika nililokuwa nikilitumikia lilipunguza saa za uhakika kutoka 60 hadi 45 kwa mwezi, kwa waraka uliobandikwa kwenye ubao wa chumba cha marubani. Hatukuulizwa. Nilimpigia simu meneja wa operesheni, mtu muungwana, akaniomba nivumilie hadi msimu wa korosho, nami nikavumilia. Nilipiga simu tena, akaniahidi kikao. Nilipochoka na kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi huiita CMA, ofisa aliyenipokea aliniuliza swali moja tu: waraka ulitoka lini? Zilikuwa zimepita siku 97. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa CMA ndani ya siku 30, na malalamiko mengine ndani ya siku 60. Nililazimika kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu za kila siku niliyochelewa, na sababu zangu zote zilikuwa mazungumzo ya simu ambayo hayakuacha alama yoyote. Ombi lilikataliwa. Uvumilivu wangu, ambao kwa malezi yetu ya kusini ni adabu njema kwa mkubwa, mbele ya Tume ulihesabika kuwa uzembe.

Tangu siku hiyo, kila mazungumzo yangu na uongozi hufuatiwa na barua pepe ya mistari mitatu: tulizungumza leo, tukakubaliana hivi, naomba unisahihishe nikikosea. Naomba muanze tabia hiyo kabla hamjawa na ugomvi na yeyote, ili isionekane kuwa dalili ya uadui. Wekeni nakala za ratiba za kila mwezi kama zilivyotolewa mwanzo na kama zilivyobadilishwa, hati za mshahara, na daftari lenu la saa za kuruka. Msiziweke kwenye kompyuta ya kazini, kwa kuwa siku ya ugomvi nenosiri hufungwa kabla ya barua kukufikia.

Jambo linalofuata lataka utulivu kulielewa, na marubani wengi wazoefu bado hulichanganya. Sheria yetu hutenganisha lalamiko na mgogoro wa maslahi. Lalamiko ni pale haki ipo tayari katika sheria, katika mkataba wako au katika mkataba wa hali bora za kazi, na mwajiri ameivunja au anaitafsiri vingine: posho haikulipwa, saa zimepunguzwa, umeachishwa bila sababu. Mgogoro wa maslahi ni pale mnapotaka kitu ambacho bado hakipo, kama nyongeza ya mshahara au siku nyingi zaidi za mapumziko. Lalamiko huenda kwenye usuluhishi, na lisipopata suluhu huenda kwa mwamuzi au Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, na hamruhusiwi kugoma kwa ajili yake. Mgogoro wa maslahi nao huanza kwenye usuluhishi, ambao una siku 30 isipokuwa pande zote zikikubali kuongeza, na ukishindikana ndipo mgomo halali unaweza kufikiriwa. Kundi la marubani likigoma kudai posho iliyokwisha kuandikwa kwenye mkataba wao, limeacha mlango uliokuwa wazi na kujiingiza kwenye kosa.

Mgomo halali wenyewe una masharti yake: usuluhishi uwe umeshindwa, mgomo uitishwe na chama cha wafanyakazi, kura ipigwe kwa mujibu wa katiba ya chama na wengi wa waliopiga waunge mkono, na mwajiri apewe notisi ya saa 48. Waongozaji wa ndege na wafanyakazi wa mawasiliano ya usafiri wa anga wamo katika orodha ya huduma muhimu, kwa hiyo hawana haki ya kugoma. Marubani hawakutajwa kwa jina, ila usafiri unaohitajika ili huduma hizo muhimu ziendelee umetajwa, na shirika linaloruka kwa ajili ya hospitali linaweza kuijenga hoja hiyo. Mgomo ukiwa halali mwajiri hawezi kukufukuza kwa kushiriki, wala kuajiri watu wa kuziba nafasi zenu, lakini pia halazimiki kukulipa siku ambazo hukufanya kazi.

Wengi wenu mnataja mgomo wa wenzetu wa Kenya Airways ulioanza tarehe 5 Novemba 2022, kuhusu michango ya mfuko wa akiba na mishahara iliyoahirishwa. Nawaomba mtazame ulivyokwisha. Kulikuwa na amri ya mahakama iliyouzuia kabla haujaanza, na baada ya siku chache mahakama iliwaamuru marubani warudi kazini kufikia asubuhi ya tarehe 9. Hoja za marubani zilikuwa nzito, nami naziheshimu, lakini kuanzia siku ya kwanza mjadala uligeuka kuwa wa utii kwa mahakama badala ya kuwa wa akiba za wafanyakazi.

Mliosomea Marekani huja na maarifa ya kule, nayo hayatumiki hapa bila kuchujwa. Sheria yao ya kazi za reli ya mwaka 1926, iliyopanuliwa kuyagusa mashirika ya ndege mwaka 1936, haina ukomo wa siku kwa usuluhishi. Bodi ya taifa ya usuluhishi ndiyo inayoamua lini mazungumzo yamekwama, kisha hufuata siku 30 za kutulia kabla ya mgomo. Marubani wa shirika la mikoani la Comair, tanzu ya Delta, waligoma mwaka 2001 kwa siku 89 wakidai malipo na mapumziko bora, na walipata mkataba mpya. Mwaka 2012 Delta ililifunga shirika hilo. Siwezi kusema jambo moja lilizaa lingine, maana ndege zake ndogo zilikuwa zimechakaa na ghali kuziendesha, lakini ipo hali inayofanana na yetu: shirika dogo lisilomiliki abiria wake hutegemea uamuzi wa mkubwa. Hapa kwetu mkubwa huyo anaweza kuwa kampuni ya gesi inayokodi ndege kwenda Songosongo. Kabla ya kudai, jueni nani analipa na mkataba wake na shirika lenu unakwisha lini. Chama kinachotambuliwa kina haki ya kupewa taarifa zinazohusika na majadiliano, na pande zote mbili zinawajibika kujadiliana kwa nia njema. Ulizeni maswali hayo mezani.

Hapo ndipo linapokuja suala la chama. Kuanzisha chama cha wafanyakazi kunahitaji watu wasiopungua 20, na mashirika mengi madogo hayana marubani wa kufikia idadi hiyo. Basi mtajiunga na chama kipana pamoja na mafundi, wahudumu, watu wa tiketi na wapakia mizigo. Chama hupata haki ya kujadiliana kwa niaba ya wote pale kinapowakilisha wengi katika kundi husika, na mkataba wa hali bora kitakaousaini utakubana hata wewe usiye mwanachama. Rubani anayewapita wapakia mizigo bila salamu asishangae mkataba huo ukitoka bila kifungu hata kimoja cha saa za kuruka. Niliketi kwenye majadiliano ambayo kifungu chetu cha mapumziko kilitetewa na mama mmoja wa kaunta, kwa sababu tulikuwa tumesimama naye alipodai usafiri wa alfajiri.

Kuhusu uchovu nitasema kwa uzito. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya Colgan Air aina ya Q400, aina ambayo baadhi yenu mtairusha katika njia hizi, ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, wakafa watu 50. Chanzo kilichotajwa kilikuwa namna kapteni alivyoitikia onyo la ndege kupoteza mwendo, lakini uchunguzi ulionyesha pia kwamba rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle ili afike kituoni, na ulimwengu ukajua jinsi marubani wa mashirika madogo walivyolipwa kidogo. Ukiwa umechoka, usiruke, na uandike hivyo. Lakini kamwe msitumie taarifa ya uchovu kama silaha ya kudai posho. Siku mtakayofanya hivyo, taarifa ya kweli ya mwenzenu haitaaminiwa, na ndege itaondoka na mtu anayesinzia.

Kabla ya kusimamisha safari, fikirini pia mkoa huu. Mvua zilizoandamana na kimbunga Hidaya mwezi Mei 2024 zilipoikata barabara ya Lindi kule Somanga, watu wa kusini walibaki na ndege kama njia ya haraka ya kufika Dar es Salaam, wakiwemo wagonjwa. Sikatai mgomo, ninachotaka ni kwamba anayeupigia kura awe na sura ya mgonjwa huyo kichwani.

Ikiwa mgogoro umefika, lalamiko hujazwa katika Fomu Na. 1 ya CMA, na nakala yake lazima imfikie mwajiri. Shauri husikilizwa katika ofisi inayohudumia eneo ambalo chanzo cha mgogoro kilitokea, kwa hiyo aliyepokea barua yake ya kuachishwa hapa Mtwara asikubali haraka kuambiwa kwamba lazima aende makao makuu. Mtumishi wa umma hutakiwa kwanza kumaliza njia za Sheria ya Utumishi wa Umma. Wenye mikataba ya muda maalumu wajue kwamba kutoongezewa mkataba kunaweza kuhesabika kuwa kuachishwa, iwapo mwajiri aliwapa sababu za msingi za kutarajia kuongezewa. Ndiyo maana barua pepe inayosema "tutaendelea kuwa pamoja mwakani" haifutwi. Tuzo ya mwamuzi ikitoka na ikaonekana ina kasoro, ombi la marejeo hupelekwa Mahakama Kuu ndani ya wiki 6 tangu kuipokea.

Jumapili nisipokuwa na zamu huwa nipo chumba cha marubani hadi saa nne asubuhi. Anayepewa mkataba wiki hii aje nao kabla hajatia sahihi, tuusome pamoja mstari kwa mstari.