Re: Shotigani isiyopiga teke sana

Pole kwa shemeji. Umesema shotigani yako ya geji 12 ya kupampu (unayovuta kwa mkono kila risasi) imemwacha na bega jeusi, na unamtafutia ya nusu-otomatiki, inayojipakia yenyewe, kwa msimu wa kulungu huko Ohio, Marekani. Mimi ningechukua geji 20 (geji ni kipimo cha mtutu; namba ikipanda, mtutu ni mwembamba) inayotumia gesi. Gesi kidogo ya baruti huchepushwa kusukuma pistoni, basi teke, yaani bunduki kurudi nyuma begani, linafika kama msukumo, si kama ngumi. Bunduki nyingi za Benelli ni nyepesi na hazichafuki upesi, ila pale teke lenyewe ndilo linaloendesha bolti (chuma kinachofunga na kufungua chemba ya risasi), na bega ndilo linalolipa. Remington 1100, iliyotoka 1963, bado naipenda. Uzito wake unameza teke. Ukitaka mpya, tazama Beretta A300.

Usilipe kabla hajaishika. Avae koti lake la baridi, bunduki ikiwa tupu, aiinue begani haraka mara tatu nne. Kitako kikimnasa kwapani, ni kirefu, kikatwe. Wengi wanalaumu geji bure!

Kulungu hupigwa kwa slagi, risasi moja nzito badala ya chembe nyingi. Slagi za saboti (zilizovikwa ganda la plastiki) ni za mtutu wenye mifereji ndani. Mtutu laini unataka slagi za kawaida. Risasi za urefu wa inchi 2¾ zinatosha kabisa, za inchi 3 waachie wapenda maumivu. Na magazini, chumba cha akiba ya risasi, izibwe isibebe nyingi, Ohio hairuhusu zaidi ya risasi tatu kwa jumla.