Kabla hujaandika kuwa Betty White alifikisha miaka 100

Wenzangu mnaoanza kazi ya kuhakiki wasifu wa wasanii mtandaoni, mkikuta kurasa kumi zinasema jambo lilelile msiridhike upesi. Mara nyingi tisa zimenakili ile ya kumi. Ulizeni nani alilisema kwanza, na yeye alilijuaje.

Wapya huwa nawafundisha kwa kumtumia Betty White, mwigizaji mkongwe wa vichekesho wa Marekani, kwa sababu maisha yake yana kila aina ya mtego. Jina lenyewe ni mtego. Wapo wanaomwandika Elizabeth, wakidhani Betty ni kifupi chake. Wazazi wake walimwita Betty Marion White, na mwenyewe alieleza kuwa walichagua Betty makusudi, hawakutaka binti yao aitwe Elizabeth halafu watu wamkatie jina kila mtu atakavyo. Kilichozidi kuwachanganya watu ni kwamba miaka ya 1950 aliigiza mhusika aitwaye Elizabeth kwenye televisheni. Watazamaji wa Vitimbi, kile kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Kenya, wanalielewa hili vizuri: walimzoea Mama Kayai na Mzee Ojwang, lakini wasifu lazima useme Mary Khavere na Benson Wanjau.

Umri ukokotoe mwenyewe, usiuchukue kwenye kichwa cha habari. Betty White alizaliwa tarehe 17 Januari 1922 huko Oak Park, Illinois, akafariki tarehe 31 Desemba 2021. Alikuwa na miaka 99, zimebaki siku 17 atimize 100. Hata hivyo jarida la People lilikuwa limeshatoa toleo la kusherehekea miaka yake 100, na lilikuwa madukani kabla hajafariki. Mtu akilitumia jarida hilo kama ushahidi ataandika 100 kwa moyo mweupe kabisa. Kwa hiyo kila mnaposhika chanzo, tazameni kwanza kilichapishwa lini.

Sehemu inayonikera zaidi ni tuzo. Utasoma kwamba alishinda Emmy, yaani tuzo za televisheni za Marekani, 5, kwingine 7, na watu wanabishana kana kwamba mmoja wao ni mwongo. Kinachowatenganisha ni aina ya tuzo wanazohesabu. Primetime Emmy, zile za vipindi vya jioni, alizoshinda akiwa mwigizaji ni 5: mbili kwa The Mary Tyler Moore Show, 1975 na 1976, moja kwa The Golden Girls, 1986, na mbili za mwigizaji mgeni, 1996 na 2010. Kando ya hizo kuna Daytime Emmy, ile ya vipindi vya mchana, ya 1983 kwa kuongoza shindano la televisheni, akiwa mwanamke wa kwanza kuipata tuzo hiyo, na ile ya mkoa wa Los Angeles ya 1952. Ukiandika "alishinda Emmy 7" bila kufafanua, msomaji atakayefungua orodha ya Primetime ataona 5 na kukuona umetia chumvi. Taja aina, taja mwaka, taja kipindi. Na tafadhalini, kuteuliwa si kushinda. Nimeshaona wasifu mwingi mno ambamo maneno haya mawili yamechanganywa.

Angalieni pia umri wa mhusika usimwangukie mwigizaji. Katika The Golden Girls, Sophia ni mama wa Dorothy, lakini Estelle Getty aliyemwigiza Sophia alizaliwa 1923, mwaka mmoja baada ya Bea Arthur aliyemwigiza Dorothy. Betty White alikuwa mkubwa kuliko wote wawili.

Habari za kifo zinataka utulivu kuliko zote, maana huandikwa watu wakiwa na majonzi na haraka. Siku chache baada ya msiba ilisambaa nukuu ikidai kwamba tarehe 28 Desemba Betty White alisema amechanjwa chanjo ya nyongeza ya UVIKO-19, na watu wakaifanya ndiyo sababu ya kifo. Wakala wake, Jeff Witjas, alikanusha: hakuyasema maneno hayo. Baadaye cheti cha kifo kilionyesha kiharusi alichopata siku sita kabla ya kufariki, yaani kabla hata ya tarehe iliyotajwa kwenye nukuu. Mkiikuta nukuu hiyo ndani ya wasifu iondoeni, andikeni kiharusi, na semeni wazi kuwa kimetajwa kwenye cheti.