Jibu: Mtaa mwembamba kufanywa wanwei

Mkuu, umeuliza kama mtaa wenu wa upana wa mita 4 ukifanywa wanwei, yaani magari yapite upande mmoja tu, watoto watakuwa salama. Kwa sehemu, ndiyo. Gari dogo lina upana wa karibu mita 1.8 bila vioo vya pembeni. Mawili yakikutana hapo, moja lazima lipande ukingoni, na ukingoni ndipo walipo mama ntilie na watoto wanaotoka shule. Hilo litaisha.

Ila jiandaeni na mwendo. Dereva akishajua hakuna anayekuja mbele, anakanyaga mafuta. Kwetu Sinza, Dar, wiki ya kwanza tu ya wanwei tulizikumbuka zile foleni za kubanana, angalau zilikuwa zinawapoza! Kwa hiyo ombeni kibao cha wanwei na matuta kwa pamoja. Bodaboda watapita kinyume tu, hao msijidanganye. Mtoto aendelee kutazama kulia na kushoto.

Anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa, muitishe mkutano, muhtasari wake uende TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, maana barabara za mitaa ziko chini yao tangu 2017. Halafu angalieni kama kuna mtaa sambamba wa kurudia. Kama haupo, gari la taka litatokea wapi?