Vijana, msilipanue tundu la doweli

Juzi nimeona tena kijana akishika biti ya drili ya milimita kumi ili "kurekebisha" tundu la milimita nane la doweli, kile kijiti cha mviringo kinachounga mbao mbili. Ni kijana mzuri, mkono wake wa randa naupenda, ndiyo maana naandika badala ya kupiga kelele.

1. Chagueni uso kabla ya kugusa drili. Piga alama ya penseli usoni kwa kila kipande, na vipimo vyote vitoke upande huo. Mbao zetu za kupasuliwa hazilingani unene: hii ina milimita 20, mwenzake ina 21 na nusu. Mguu wa kiti ukiupima kutoka usoni na reli, ile mbao ya kulala inayounga miguu, ukaipima kutoka mgongoni, tofauti yote inahamia kwenye kiungo.

2. Unene wa doweli uwe kati ya theluthi na nusu ya mbao. Kila kiungo doweli mbili au zaidi. Moja peke yake inazunguka.

3. Someni namba ya biti, jamani! Za inchi na za milimita mnazichanganya kopo moja. Tatu kwa nane ya inchi ni milimita 9.5. Gongea humo doweli ya 10 kwenye mninga mkavu uone ufa unavyokimbia. Na tafuteni biti yenye mwiba katikati, kwa sababu ile ya kutobolea chuma inafuata nyuzi za mbao na kuhama.

4. Sasa hilo la kupanua. Kwenye karakana moja niliyofanyia kazi zamani tulikuwa na viti vya chakula vya mninga, mteja anakuja kesho yake. Jioni, kijana wetu mmoja akaona matundu ya reli yamepishana na ya mguu kwa kama milimita moja. Akaogopa kusema. Akapanua ya mguu kwa biti ya kumi, doweli za nane zikazama bila hata kugongwa, akajaza gundi nyeupe iliyochanganywa na vumbi la msumeno, akabana jiriwa. Asubuhi kiti kiling'aa kwa vanishi kama wenzake. Baada ya miezi kikaanza kulia, halafu siku ya ugeni mguu ukachomoka, mzee wa watu akaenda chini mbele ya wakwe zake. Kiliporudishwa nilikishika mwenyewe: doweli zimetoka nzima, upande mmoja una utando wa gundi, upande wa pili mbao tupu. Gundi nyeupe inashika mbao inayogusana na mbao. Ukiipa pengo ilijaze, maji yakitoka inasinyaa na kuachia. Kijana alilia, nikamhurumia sana, maana dawa ilikuwa palepale benchini: paka gundi kipande cha doweli, kigongee kwenye tundu lililokosewa, kiache kikauke usiku kucha, kikate kwa patasi kilingane na mbao, pima upya, toboa upya. Mteja angenuna siku moja tu. Mkikosea, semeni. Sijawahi kumfukuza mtu kwa milimita moja.

5. Doweli ya urefu wa milimita 40, toboeni kina cha milimita 22 kila upande. Nafasi inayobaki ni ya gundi. Kama doweli haina mifereji, ichaneni mmoja kwa msumeno, la sivyo gundi inakosa pa kutokea na mguu unapasuka. Utepe wa kuonyesha kina kwenye biti husogea; kitoboeni kipande cha mbao mkivishe kwenye biti kiwe kizuizi.

6. Ungeni kwanza bila gundi. Tengeni doweli chache mlizozipunguza kwa msasa kwa kazi hiyo tu, maana zile za kazi zikishaingia hazitoki ila kwa koleo, na zikitoka zimeharibika.

7. Mlioko Pwani, masika doweli msiziache wazi. Zinavimba, halafu mnalaumu biti. Ziwekeni kwenye chupa yenye kifuniko, na zikishavimba zianikeni juani kabla hamjafungua gundi.