Dawa ya kunguni: tazama utepe wa rangi kabla ya kulipa

Mwaka jana binti yangu wa miaka miwili alikunywa dawa ya kunguni. Nilikuwa nimeinunua shilingi hamsini kwa mchuuzi karibu na stendi ya matatu hapa Kayole, Nairobi, akanimiminia kwenye chupa ya soda isiyo na lebo. Nilimkuta mtoto ameketi sakafuni, mate yanamtiririka hadi kifuani, jasho limemlowesha, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano.

Jirani alikuja mbio na kikombe cha maji ya chumvi ili atapike. Nashukuru Mungu mtoto aligoma kumeza.

Hospitalini daktari aliuliza, "Mama, amekunywa nini?" Sikuwa na jibu. Alinusa chupa, akamulika macho ya mtoto, akasema dalili ni za organofosfati, aina ya sumu ya kuua wadudu inayovuruga neva, akaanza kumpa atropini, dawa ya kupambana na sumu hiyo. Tulilala wodini siku nne.

Tangu hapo nimejifunza jinsi makali ya sumu yanavyopimwa, na ningependa kila mzazi ajue. Kipimo maarufu ni LD50, kilichobuniwa na Mwingereza J. W. Trevan mwaka 1927. Ni kiasi cha sumu kinachoua nusu ya wanyama wa majaribio, mara nyingi panya, kwa miligramu kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Namba ikiwa ndogo, sumu ni kali zaidi. Chumvi ya kupikia ni kama 3,000. Dawa za wadudu ambazo Shirika la Afya Duniani huziweka daraja la juu kabisa la hatari ziko chini ya 5.

Hayo maneno "kwa kila kilo" ndiyo yaliyonitoa machozi. Mtoto wangu alikuwa na kilo 11, mimi nina 70. Funda ambalo mimi ningelimeza nikaugua tumbo, kwake ni dozi ya zaidi ya mara sita kwa kila kilo. Tuseme dawa ina LD50 ya 100 na lita moja imebeba gramu 480 za sumu: kwa kilo 11, kiasi cha dawa kinachofikia LD50 hakijai hata nusu ya kijiko cha chai. Na binadamu si panya. Mtoto anaweza kuumia kwa kidogo kuliko hapo. Ile chumvi ya jirani nayo, kwa hesabu hiyohiyo, vijiko viwili vikubwa vingekuwa hatari kwake.

Huna haja ya kukariri namba. Sehemu ya chini ya lebo ya dawa iliyofungwa kiwandani kuna utepe wa rangi: nyekundu ni kali zaidi, kisha njano, bluu, kijani. Kijani nacho usikichezee, kwa sababu LD50 hupima kifo cha dozi moja tu, haisemi lolote kuhusu madhara yanayojikusanya kidogokidogo.

Mtoto akimeza sumu, usimtapishe, usimpe maziwa wala maji ya chumvi. Kwa mafuta taa kutapika ni hatari zaidi, maana huingia mapafuni. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi, kimbia hospitali na chupa mkononi.

Siku hizi nanunua iliyofungwa tu, hata ikinigharimu mara nne, na lebo naipiga picha kwa simu nikiwa bado dukani. Baba yake pia anayo hiyo picha.